Buibui wa Makaburini Chanika

Jovina alikuwa na majike kadhaa kwenye vichupa vya spiriti, lakini majike peke yao hawakumtosha. Buibui mrukaji akitaka kutambulishwa kuwa ni aina mpya, anayetazamwa hasa ni dume. Karibu na mdomo dume ana vikono viwili vya kupandishia, na umbo la vikono hivyo hutofautiana kati ya aina na aina. Bila dume aliyekomaa, Dokta Gervas, msimamizi wake chuoni, asingepitisha andiko lake la kumtangaza buibui huyo abadani.

Na buibui mwenyewe, mdogo kama punje ya mchele, mweusi mwenye utepe wa rangi ya chungwa usoni, Jovina alikuwa amempata mahali pamoja tu: kichaka cha makaburi ya ukoo wa Mzee Mwishehe, huko Chanika. Kwingine kote viwanja vilishapimwa, tingatinga likapita, kuta zikapanda. Wanunuzi wa ardhi hawana simile. Kichaka kile kilisalimika kwa kuwa hakuna anayenunua makaburi.

Mwezi mmoja nyuma alimwona kidume juu ya jani, bado mchanga, amebakiza kujivua gamba mara ya mwisho. Wote aliojaribu kuwafuga nyumbani kwake Tegeta walimfia, hivyo akaamua kumwacha huyu akomae palepale. Ulikuwa uamuzi wa busara, na ndio uliomponza.

Mdomo nao ulimponza. Kwa furaha ya siku ile alimwambia Mzee Mwishehe kwamba buibui ataitwa Tabu, jina la mkewe aliyezikwa humo mwaka jana. Mzee alivua kofia, akajifutia machozi.

"Jina lake litasomwa mpaka Ulaya?"

"Dunia nzima, baba. Nikija tena nitakuja na mwalimu wangu, tumchukue dume, kisha tuandike."

Kwa Jovina, mzaliwa wa Bukoba, hiyo ilikuwa taarifa ya kazi tu. Kwa mzee ilikuwa shughuli. Marehemu anapewa heshima, wageni wanakuja mpaka kaburini kwake. Nani angewapokea wageni wa namna hiyo kwenye magugu? Ukoo mzima ungechekwa.

Siku Jovina na Dokta Gervas walipofika, walipokewa na harufu ya pilau na moshi. Vijana wa ukoo walikuwa wamefyeka, wamechoma, wamefagia. Makaburi yalikuwa meupe kwa chokaa mpya, na mikeka imetandikwa pale kichaka kilipokuwa. Mzee Mwishehe akawajia na kanzu yake ya Idi, uso umechangamka.

"Shikamoo, baba," Jovina alisema, macho yakitafuta kichaka.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni! Umepaonaje? Sie hatukutaka aibu."

Jovina akapiga magoti akaanza kupekua majivu, akapindua vigogo vilivyoungua, mikono ikawa myeusi hadi kwenye viwiko. Alitaka kumtukana yule mzee wa watu, na papo hapo akajichukia. Miezi yote aliyokuja pale, hakuwahi kumwambia kwamba buibui yule haishi penginepo ila kwenye majani yale. Aliona ni jambo linalojulikana.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Dume, baba."

"Si yumo humu?"

"Alikuwa kwenye majani. Wote walikuwa kwenye majani."

Mzee aligeuka, akautazama uwanja uliofagiliwa. Najma, bintiye, akaacha kupakua pilau.

"Na kwingine?" mzee akauliza.

"Nimetafuta mpaka nimechoka. Sijawaona."

"Kwa hiyo sie..." mzee alisema.

Jovina akajikaza amfariji. Majike bado anao, alisema, na jina litabaki. Dokta Gervas akaeleza kwamba ikiwa kiumbe hakipatikani tena, basi hata jike peke yake atapokelewa.

"Na mtaandika kwamba wamekwisha?" mzee aliuliza.

"Itabidi, baba," Jovina alijibu. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyaficha.

Mzee Mwishehe alikaa chini, juu ya majivu, na kanzu yake ile nyeupe.

"Basi usimpe jina la Tabu, mwanangu, nakuomba. Tabu hakuwahi kuua hata mende. Mwite Mwishehe."