Mbuzi Wanne Juu ya Mwamba

Kilimani kwetu mchanga una kina cha kiwiko. Chimba mahali popote kwa mkono, vidole vitagusa mwamba kabla hujachoka. Kila anayeishi huku juu analijua hilo. Wanaoishi bondeni hawalijui, na hao ndio wanaoniamuru namna ya kufunga mbuzi wangu.

Nina mbuzi wanne, na sina kingine. Miaka yote niliwafunga kwa mawe. Unatafuta ufa kwenye mwamba, mahali nyasi zinapobaki mbichi hata mwezi wa kumi. Unafunga kamba kwenye jiwe jembamba, unalitumbukiza ufani, unalivuta kwa upande mpaka lijibane. Kesho yake unahamia ufa mwingine, kwa sababu nyasi za kwenye mchanga usio na kina huisha kwa siku moja. Mama alinifundisha hivyo nilipoacha shule darasa la tano. Hakuna mbuzi aliyewahi kunitoroka.

Mwezi wa saba Bwana Amedeus, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alipita akaona kamba imezama kwenye mwamba. Akasema huo ni uzembe, mbuzi hufungwa kwenye kigingi. Nilitaka kumweleza. Nikafungua mdomo, nikajikuta nimemwamkia shikamoo mara ya pili, basi.

Nikachonga vigingi. Siku ya tatu jike mwenye pembe moja aling'oa chake kama mtu anayeng'oa karanga, akashuka mpaka kwenye mihogo ya jirani yetu Kunegunda. Wiki iliyofuata akarudia. Amedeus akatoa neno: ikitokea mara ya tatu, mbuzi wote waondoke kilimani. Kaka yangu Leonce, anayeuza vipuri vya pikipiki mjini Msamala, akasema atawachukua yeye. Nyumba yake haina hata ua. Mbuzi akifika pale hafugwi, anasubiri sherehe ya kipaimara cha mtoto wa mtu.

"Tatizo lako, Oliva, hupigi kigingi kwa nguvu," akaniambia kwenye simu.

"Kaka, chini kuna mwamba."

"Mwamba uko kila mahali, mdogo wangu. Wewe piga."

Jumamosi akaja mwenyewe na bodaboda, akiwa na kipande cha nondo na nyundo ya kilo tano. Amedeus naye akapanda kuja kushuhudia.

Leonce akavua shati, akapiga. Nondo ikaingia vizuri mpaka kina cha kiwiko, halafu ikalia ngaa.

"Hapa kuna kajiwe," akasema. Akasogea hatua tatu. Ngaa. "Na hapa kuna kajiwe."

"Ni jiwe lilelile, kaka," nikasema, lakini nyundo ilikuwa na sauti kubwa kuliko yangu.

Alipiga mahali saba. Pa saba nondo ikapinda. Akasema inatosha, akamfunga yule jike wa pembe moja. Mbuzi akanyoosha shingo kufuata jani, nondo ikalala. Akaondoka nayo, ikimfuata nyuma ikigonga mawe mteremko mzima.

Baada ya muda tukamsikia Kunegunda toka chini: "Oliva, mgeni wangu amerudi. Leo amekuja na chuma. Nimpikie?"

Amedeus akashusha pumzi. "Ni mara ya tatu, Leonce. Tafuta gari."

Leonce alishatoa simu. Nondo ni yake, nyundo ni yake, fundo ni lake, na wanaoondoka ni mbuzi wangu.

Nikashuka mbio, nikamrudisha yule jike, nikaifungua nondo na kuitupa. Nikafunga kamba kwenye jiwe, nikalizamisha ufani, nikalivuta kwa upande. Ncha ya pili ya kamba nikamkabidhi Amedeus.

"Vuta, baba."

Akavuta kwa mkono mmoja. Akavuta kwa miwili. Akavua koti, akamwita Leonce, wakavuta wote wawili mpaka ndala za kaka zikateleza mchangani akakaa chini.

"Limekwama," akasema Amedeus.

"Kila siku linakwama. Ndiyo kazi yake."

Akaitazama kamba, akautazama ufa, akavaa koti lake. "Basi wabaki. Wafunge hivyohivyo. Lakini binti, mbona hukusema toka mwanzo?"

"Ana aibu huyu," Leonce akadakia, akijipangusa mchanga. "Mimi nilikuwa namsisitizia sana hii njia ya ufa."

Nikaliacha lipite. Mbuzi walikuwa wamebaki.

"Sasa sikiliza," akaendelea. "Jumamosi ijayo naleta mfuko wa simenti. Tunauziba huo ufa, jiwe lisitoke tena."

"Na nyasi za hapa zikiisha kesho?"

"Si utaongeza kamba."

"Kaka, usije."

Amedeus akageuka upande, mabega yakimcheza kwa kicheko.

"Umesemaje?" Leonce akauliza.

"Nimesema Jumamosi usije. Na nyundo uondoke nayo."

Leonce akafikiri kidogo. "Basi nitakuja Jumapili, baada ya misa," akasema, akainama kuinyoosha nondo yake juu ya mwamba.