Ukuta Uliokwisha Kabla ya Bwana

Mchora mabango alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, na kwa muda wa miaka thelathini hakuna duka lililofunguliwa mtaani kwake bila yeye kuliandika jina. Aliandika bucha, saluni, mafundi viatu, hata ofisi ya wakili mmoja aliyetaka jina lake liwe pana kuliko mlango. Ukipita barabarani ukainua macho, ulikuwa unausoma mkono wake bila kujua.

Jambo moja tu lilimpiga chenga, nalo ni kusali. Kuamini aliamini, tena kwa moyo wote. Lakini siku ya Jumatano, kikundi cha maombi kikikutana, wenzake walifungua vinywa na maneno yakawatiririka kama maji ya bomba. Zamu yake ikifika, alikauka. Alisema, "Bwana, asante." Kisha akanyamaza. Kisha akasema tena, "Asante," na mama aliyekaa pembeni yake akamwokoa kwa kuitikia amina upesi.

Mdogo wake, fundi cherehani aliyeishi naye nyumba moja, hakumwacha apumue njiani.

"Dada, leo umehubiri. Maneno matatu mazima."

"Mungu haniulizi idadi ya herufi, mdogo wangu."

"Hakuulizi, lakini na yeye angependa siku moja asikie sentensi."

Walicheka. Dada mtu alicheka kwa mdomo tu, maana jambo lenyewe lilimuuma. Alijua ana mengi ya kumwambia Mungu. Yalikuwa yamejaa ndani yake kama rangi iliyogandiwa na kifuniko.

Kwa hiyo mchungaji alipomwomba achore ukuta wa nyuma ya madhabahu, kuanzia darini, aliiweka brashi chini, akajifuta mikono, akatafuta mahali pa kukaa.

"Habari ya kuchora uichague mwenyewe," mchungaji alimwambia. "Sisi tutaitazama tu."

Akasema moyoni: hii ndiyo sala yangu. Ikinishinda hii, sina nyingine.

Alichagua habari ya mtu aliyepooza. Nyumba imejaa, mlangoni hapapitiki, na rafiki zake wanne wanampandisha juu, wanatoboa paa, wanamshusha kwa kamba na mkeka wake mpaka miguuni pa Yesu. Aliipenda kwa sababu aliielewa mwilini. Mtu aliyefanya kazi juu ya ngazi maisha yake yote anajua paa ni nini, anajua uzito unavyovuta mabega, anajua kamba ikiteleza inavyokula kiganja.

Alifanya kazi alasiri, baada ya kufunga kibanda chake. Kanisa lilikuwa tupu wakati huo. Kulikuwa na madirisha matatu upande wa magharibi, na ilipofika saa tisa mwanga uliingia kwa hatua ndogo, ukapita juu ya mabenchi moja baada ya jingine kama mtu anayetafuta kiti chake, kisha ukapanda ukutani. Hapo ndipo naye alipopanda jukwaa lake la mbao.

Alianza juu, kama kila mchoraji. Rangi hudondoka, na heri idondoke mahali ambapo hujapagusa. Alichora paa kwanza, halafu tundu katika paa. Alipolichora lile tundu alihisi upepo. Alijua ukuta ni ukuta, na nyuma yake kuna ghala la viti vibovu, lakini upepo ulikuja na vumbi la udongo mkavu na vijiti vilivyovunjika, ukampiga usoni, naye akafumba macho akaendelea kupaka. Alipoyafumbua, mwanga ulikuwa umeshaondoka ukutani na saa mbili zilikuwa zimepita bila kumuaga.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Alipanda, na kanisa likaachia kamba zake chini yake kama mashua, likaelea. Alisikia watu wakijazana ndani ya nyumba aliyokuwa hajaichora bado, wakisukumana na kukohoa. Siku aliyochora kamba alirudi nyumbani na mstari mwekundu katikati ya kiganja.

"Tazama," alimwambia mdogo wake.

Mdogo mtu alikisogeza kile kiganja karibu na taa ya cherehani. "Ni mshikio wa ndoo, dada. Nunua ndoo nyingine."

Wale rafiki wanne aliwapa sura za watu aliowahi kuwaandikia mabango, kwa kuwa nyuso hizo alizijua. Mwenye bucha alishika kamba moja, mwalimu wa chekechea ya pili, fundi viatu ya tatu. Ya nne aliishika kinyozi. Habari zilimfikia kinyozi mapema, akamsimamisha barabarani.

"Nasikia umenipandisha kwenye paa."

"Umeshika kamba ya kushoto."

"Na nywele je, umeninyoa vizuri?"

"Kama unavyojinyoa mwenyewe."

"Basi, mama, umenikosea sana."

Mgonjwa alikuja mwisho. Aliomba nafasi, naye akampa. Mkeka ulitaka kuning'inia, miguu iliyopooza ilitaka kulala kwa uzito wake wote, mkono mmoja ulitaka kutoka nje ya mkeka ukiwa umelegea. Hakumnyima kitu. Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya tano alipopaka ukingo wa chini wa mkeka, akashuka, akarudi nyuma mpaka kwenye benchi la tatu, akageuka kutazama.

Baina ya mkeka na meza ya madhabahu ilikuwa imebaki shibiri moja ya ukuta.

Yesu hakuwa na mahali pa kukaa.

Alisimama pale. Kosa hilo alilijua vizuri. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, anayeanza bango kwa herufi kubwa za kifahari, kisha anafika ukingoni na herufi za mwisho zinabanana kama abiria. Aliwacheka wengi kwa kosa hilo. Yeye mwenyewe hakuwahi kuandika hata kibao cha choo bila kupima kwanza kwa uzi na chaki. Safari hii hakupima. Hakutaka kupiga mistari juu ya sala.

Mdogo wake aliingia na chupa ya chai, akatazama, akahesabu vichwa kwa kidole.

"Dada, umealika watu wote. Mwenye nyumba yuko wapi?"

Alimtazama dada yake usoni. Akamimina chai, akamwekea mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno.

Mwenyekiti wa baraza la kanisa alikuja jioni ileile pamoja na mchungaji. Alikuwa mzee, seremala mstaafu, na mpaka sasa hakutoka nyumbani bila futi ya kukunja mfukoni. Aliikunjua, akapima.

"Sentimita ishirini na mbili," alisema. "Mama, Yesu wa sentimita ishirini na mbili ni mwanasesere."

"Naona, mzee."

"Kazi ni nzuri. Sisemi kazi mbaya. Lakini watu wakiinua macho kanisani wanataka kumwona Bwana. Hawakuja kumwona kinyozi." Aliikunja futi yake polepole. "Jumapili baada ya ibada nitatazama tena. Kama Bwana haonekani, Jumatatu tutapaka chokaa, ukuta uwe mweupe kama zamani. Usinichukie."

Mchungaji alitaka kusema kitu, lakini mchora mabango alitikisa kichwa. Mzee alikuwa amesema kweli. Wazo la chokaa halikumwogopesha kwa sababu ya wiki tano za kazi. Lilimwogopesha kwa sababu alikuwa amesema mbele za Mungu kitu kimoja tu kirefu katika maisha yake, na sasa kingefutwa kabla ya kufika mwisho.

"Mfute mmoja wa wale wanne," mdogo wake alimshauri njiani. "Mweke Yesu pale juu."

"Nimfute nani? Wakibaki watatu, mgonjwa anaanguka."

Ijumaa alifunga kibanda asubuhi, akaenda kanisani, akakaa sakafuni mbele ya ukuta. Alijaribu kuomba. Alisema, "Bwana," akangoja. Hakuna kilichofuata. Akafungua kopo la rangi ili angalau mikono iwe na la kufanya, na kifuniko kikamponyoka, kikabingirika kwa ukingo wake, kikazunguka pembe ya madhabahu na kupotelea nyuma.

Madhabahu ile ilijengwa kwa matofali na ilimfika kiunoni. Kati yake na ukuta palikuwa na uchochoro wa kumtosha mtu mmoja na ufagio. Aliingia, akapiga magoti, akapapasa. Palikuwa na ubaridi mzuri chini pale, na ukimya wa aina nyingine, kama ukimya wa ndani ya mtungi. Mwanga ulipita pembeni ya matofali, ukalala juu ya ukuta mbele ya uso wake.

Ukuta ulikuwa unaendelea.

Ulishuka kutoka usawa wa meza mpaka sakafuni, karibu mita nzima, mweupe, haujaguswa. Miaka thelathini kuta zake zilikwisha pale jicho la mteja lilipokwisha. Hakuna mteja aliyewahi kupiga magoti. Alitazama juu, akaona kutoka huku chini ukingo wa mkeka ukimjia kichwani, mzito, ukishuka taratibu, na akajua unashukia wapi. Nyumba imejaa. Yesu amekaa sakafuni, kama walimu wa siku zile, na anainua mikono.

Alichora Ijumaa yote na Jumamosi yote, amejilaza ubavu juu ya gunia, bega likigusa matofali. Hakuweza kurudi nyuma ili kutazama. Aliuona uso kidogo kidogo, shavu, kisha kope, kisha sikio, kwa karibu kama unavyomwona mtu uliyemwinamia akiwa usingizini. Hakuukopa kwa mwenye duka yeyote. Ulikuja wenyewe kutoka katika weupe, kama mtu anayetoka kwenye ukungu asubuhi na kumbe alikuwa amesimama pale muda wote. Ile shibiri moja iliyobaki juu ya meza aliijaza vidole tu, vidole vya mikono miwili vilivyofika chini ya mkeka kuupokea.

Wakati fulani aligundua kwamba anasema. Hakujua ameanza lini. Alikuwa anazungumzia macho ya mdogo wake yanayochoka na uzi, na mama yao, na vijana aliowacheka kwa herufi zao zilizobanana, na hofu yake ya chokaa, na mambo mengine ambayo hayamhusu mtu. Maneno yalimtoka kwa sauti ndogo, huku brashi ikienda, na hakuna aliyelazimika kumwitikia amina ili kumwokoa.

Jumapili ibada ilipokwisha watu hawakutoka. Mzee mwenyekiti alisimama mbele, miwani puani.

"Naona vidole," alisema.

"Ni vyake," mchora mabango alijibu.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko chini, mzee. Inabidi uzunguke."

Mzee alizunguka. Aliingia kwenye uchochoro kwa ubavu, akainama kadiri mgongo ulivyomruhusu.

"Naona nywele tu."

"Ni lazima upige magoti."

"Magoti yangu yalistaafu kabla yangu, mama."

"Najua, mzee. Pole."

Mtu mmoja alicheka nyuma kabisa, akanyamazishwa. Mzee alishika ukingo wa madhabahu kwa mikono miwili. Waliona kichwa chake kikishuka, kisha mabega, kisha ile mikono ikaachia ukingo, na kanisa zima likabaki linatazama matofali na vidole vya rangi juu yake. Mchora mabango aliyakamata mapindo ya kitenge chake. Mdogo wake alimshika kiwiko.

Ilipita dakika moja, labda mbili. Mabenchi yalilialia, mtoto aliuliza kitu kwa sauti.

"Mzee," mchungaji aliita kwa upole, "anaonekana?"

"Anaonekana." Sauti ilitoka chini, nzito, kama ya mtu anayezungumza na aliye karibu naye sana. Kisha ikaongeza, "Ile chokaa irudisheni dukani."

Mchungaji alizunguka madhabahu, akanyoosha mkono kumwinua.

"Bado," mzee alisema.