Namba Kutoka Kisiwani

Majirani walimwita Mama Puto, naye hakuchukia. Kila siku alijaza gesi puto kubwa jeupe, akalifungia kifaa cha kupimia hewa, akaliachia saa tisa kamili alasiri. Kisha aliingia ofisini kusoma namba zilizotumwa kutoka juu.

Wakati huohuo mumewe aliachia lake kwenye kituo cha kisiwani, mwendo wa siku tano kwa meli. Walisomea kazi pamoja, wakaoana, kisha mume akahamishwa. "Miaka miwili tu, mke wangu," aliaga. Huu ulikuwa wa tatu.

Simu ya kisiwani ilikuwa ya kubahatisha, lakini vipimo vya vituo vyote vilifika kwenye skrini moja. Kwa hiyo Mama Puto alimsoma mumewe. Joto lilishuka nyuzi sita hivi kila kilomita, hadi karibu kilomita kumi na saba, kwenye baridi ya themanini chini ya sifuri. Kutoka hapo lilianza kupanda tena, maana huko juu kuna gesi ya ozoni inayonasa miale mikali ya jua. Aliifuata kwa kidole mistari ya joto iliyochorwa kwenye skrini, wa mume na wake, akaona inavyofanana.

Jumatatu moja mstari wa kisiwani haukuja. Jumanne pia.

"Mashine hiyo, si mtu," mkuu wa kituo alimtuliza. "Kula kwanza."

Aliisukuma sahani, akarudi kwenye skrini. Jumatano simu ikalia.

"U mzima?" alimuuliza mumewe kabla ya salamu.

"Mzima. Gesi imetuishia, meli imechelewa. Saa ikifika natoka nje mikono mitupu, natazama juu kama mjinga."

Mama Puto alicheka hadi machozi yakamtoka. "Hewa ya huko ikoje?"

"Ileile. Naitrojeni sabini na nane kwa mia, oksijeni ishirini na moja. Lakini hainitoshi. Tena wakubwa wanataka niongeze mwaka."

"Ukawajibu nini?"

"Kwamba nitamuuliza mwenye mume."

"Basi mwenye mume amekataa. Nimechoka kukusoma. Nataka kukuona."

Mtu wa kumpokea mumewe zamu kisiwani alipatikana baada ya miezi minane. Siku ya meli, Mama Puto alisimama bandarini tangu asubuhi, akichungulia kila uso ulioshuka.

"Mama, unamtafuta nani?" aliuliza mwanamume mmoja mwembamba mwenye ndevu.

"Mume wangu," alijibu, macho bado kwenye ngazi. "Hebu nipishe, baba, unanizi—"

Sauti ile ya kwenye simu ikamfikia. Akageuka.