Ratli Nne kwa Siku

Mwaka 1956 nilikuwa mwalimu mwaminifu kuliko wote kati ya Buganguzi na Kagoma. Nina hakika, maana nilikuwa nikiwaambia watu kila siku. Kwa hiyo Serikali ilipoanza kugawa maziwa ya unga mashuleni, mwalimu mkuu alinikabidhi mimi ufunguo wa stoo, daftari, na mapipa matatu yaliyoshushwa bandarini Kemondo mwanzoni mwa Septemba. Yalitakiwa yatoshe mpaka Krismasi: ratli nne kwa siku, watoto themanini, unga ukorogwe kwa maji ya moto.

Maji ndiyo yaliyoniponza. Kwetu mtu anayetia maji kwenye maziwa ni tapeli, na watoto walikuwa na macho. Wiki moja haijaisha, Mzee Karugendo, baba wa wanafunzi watatu, alinijia na wazazi wenzake wakitaka kujua kwa nini ninawapunja watoto. Niliwaonyesha unga. Waliunusa, wakanionea huruma. Karugendo aliuliza ni ng'ombe gani huyo anayekamuliwa unga.

Mtu mwenye akili angemwita mwalimu mkuu aeleze. Mimi nilikuwa na jina la kulinda. Kesho yake nilikoroga ratli kumi na mbili, maziwa yakawa mazito kama uji. Karugendo alionja, akanipa mkono mbele ya watu, nami nikasikia raha ambayo naionea haya mpaka leo. Nikaendelea hivyo kila siku. Na kwa kuwa daftari lilitaka ratli nne, niliandika ratli nne.

Oktoba mkaguzi, Bwana Ishengoma, alifika kutoka Bukoba. Daftari lilisema yamebaki karibu mapipa mawili. Stoo ilikuwa na mende tu. Aliniuliza kwa upole maziwa nimemuuzia nani. Nilieleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwizi. Niliogopa kufukuzwa kazi, lakini niliogopa zaidi kuitwa mwizi Kagoma nzima. Ndipo Karugendo alipoingia kunitetea.

"Waitu, bwana wetu, msimwonee," alimwambia mkaguzi. "Mwanzoni aliiba kweli, akitia maji. Tulimkemea, akaacha. Tangu hapo maziwa yake ni mazito."

Bwana Ishengoma aliinamia daftari muda mrefu, mabega yakimtikisika. Kazi sikunyang'anywa. Ufunguo nilinyang'anywa, akapewa Karugendo kwa niaba ya wazazi, na amri juu yake: ratli nne, ikizidi hata moja maziwa yanakatwa.

Januari mapipa mapya yalikuja. Siku ya tatu Karugendo alisimama mlangoni pa darasa langu, kikombe mkononi. Nyuma yake uani walikuwa wazazi, wamefunga mikono vifuani.

"Mwalimu Protase," aliniambia kwa sauti ya chini, "wewe wanakujua ni mwaminifu. Toka uwaambie."

Nilitoka, nikawaeleza habari za unga, maji na ratli nne. Walinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha Kokubanza, mke wa Karugendo mwenyewe, akatuuliza sisi wawili tunagawanaje.