Ngata ya Babu

Fundi cherehani alifungua mfuko, akaweka mezani ngata ya babu yake: duara la gunia lililosokotwa la kuwekea mzigo kichwani, limekakamaa kwa jasho la mpagazi aliyebeba mizigo ya jeshi vita vizima. Mwenye duka, mkusanyaji wa vitu vya vita, aliitupia jicho mara moja tu.

"Dada yangu, hapa tunaweka vitu vya askari. Hii ni ngata."

"Babu alikwenda nayo vitani."

"Kubeba mizigo siyo kupigana." Akageuka kwa madaha, akalipigapiga sanduku la chuma la risasi. "Kitu ni hiki! Sanduku hili limevuka mito na milima mpaka siku ya mwisho ya vita."

Damu ikamchemka fundi. "Lilivuka kwa miguu yake?"

Fundi akakunja mikono ya gauni, akainama kulinyanyua sanduku.

"Acha, mama, utavunjika kiuno! Hilo waliliingiza humu wanaume wawili, tena wanahema!"

Fundi akajiinua taratibu, akaichukua ngata yake mezani.

"Babu yangu aliyabeba masanduku kama haya akiwa mmoja."