Mwezi Usiolipwa

Taasisi ilikuwa na kompyuta moja kubwa, na kompyuta hiyo ilikuwa na wakubwa wengi. Kila mwaka kamati ya Ato Getinet, bwana aliyeshika muhuri wa Taasisi, iligawia idara nguvu zake na kumbukumbu yake, na mkuu aliyepata fungu nono alitembea kifua mbele mwaka mzima. Utawala walichukua nusu. Sehemu ndogo waliitumia kupamba picha za mkurugenzi, iliyobaki wakailinda isiguswe na mtu.

Idara ya Maji, alikofanya kazi Wubit, ilipewa fungu ambalo yeye mwenyewe aliona haya kulitaja. Mvua za Nehase, mwezi wa kumi na mbili, zilipozidi na Mto Awash ukaanza kufura, aliingiza vipimo vya mto ajue maji yatafika wapi. Kompyuta ikajaa, ikagoma. Mama yake alikaa karibu kabisa na ukingo, na mwenyekiti wa mtaa huko alishasema hahamishi mtu bila karatasi ya Taasisi yenye muhuri.

Akaenda kwenye kamati. Kahawa ilikuwa jikoni, bisi ziko mezani.

"Ato Getinet, naomba nafasi ya Utawala kwa siku mbili tu. Imelala bure."

"Haijalala, mwanangu. Imehifadhiwa."

"Kwa ajili ya nini?"

"Hilo ndilo bado tunalijadili."

"Leo tukiwapa Maji kompyuta," alidakia Weyzero Yeshimebet, bibi aliyeongoza Utawala, "kesho watataka na viti vyetu."

"Mama yangu yuko ukingoni pale."

"Mungu amlinde," alisema Ato Getinet kwa huruma ya kweli, akamsogezea bisi. "Rudi Meskerem, mwaka mpya ukiingia. Tutagawa upya."

Wubit alitoka roho ikimuuma. Kwenye ngazi akawasikia makarani wakinung'unika, kama kawaida yao, kwamba Pagume hiyo inaingia: siku tano za mwisho wa mwaka, kazi ipo na mshahara hakuna. Akasimama. Kamati iligawa kompyuta kwa kufuata miezi ya mshahara, yaani kumi na miwili. Pagume ni mwezi wa kumi na tatu. Haulipwi, basi hakuna aliyekumbuka kuugawa. Na kompyuta yenyewe haikuwa na makuu: nafasi isiyo na mwenyewe ilimpa yeyote aliyewahi.

Pagume mosi aliwahi yeye. Wakuu wote walikuwa sokoni wakichagua kondoo wa sikukuu. Hesabu iliyogoma muda wote ule ikaisha kabla ya chakula cha mchana, na jibu likatoka: keshokutwa maji yangefika madirishani kwa mama yake.

Alimkuta Ato Getinet kwenye maegesho, akisukuma kondoo ndani ya buti la gari.

"Naomba muhuri. Maji yanakuja."

Akaisoma karatasi yake, uso ukambadilika. "Umetumia fungu la nani?"

"La Pagume."

"Pagume haina fungu."

"Ndiyo maana nimelipata lote."

"Nikigonga muhuri hapa, nimekiri kwamba kamati ilisahau mwezi mzima. Subiri Meskerem, mwanangu."

"Na mto nao nikauambie usubiri?"

Ato Getinet akarudi kwa kondoo wake. Wubit akampigia mama simu.

"Mama, hama leo."

"Mwenyekiti amepata karatasi?"

"Hakuna karatasi. Ni mimi tu nimesema."

"Basi ngoja nizime jiko, nikawaite majirani. Nitawaambia ni serikali."

Awash ulikuja keshokutwa yake, kama hesabu ilivyosema, ukaingia kwenye nyumba tupu.

Meskerem kamati ilikutana. Hakuna aliyekufa, alieleza Ato Getinet, kwa hiyo imethibitika kwamba fungu la Maji linatosha, pengine hata limezidi. Likapunguzwa. Utawala wakapewa Pagume. Kisha akawaomba wajumbe waipigie makofi mipango mizuri.

Wubit akamfikiria mama yake, amelala kwenye darasa la shule ya kilimani, juu ya godoro la kuazima, mzima, analalamikia mgongo. Akapiga makofi kuliko wote.