Daftari Alilochukua Protase

Protase alirudi Ihembe viatu mkononi kwa ajili ya matope, na majirani wakamlaki kwa vigelegele, kwa maana ndiye wa kwanza kijijini kuitwa Ulaya. Chuo alikwisha kukimaliza huko Uganda. Sasa Wazungu walimtaka akasomee utunzi wa hadithi, masomo ya juu, ya watu wenye digrii tayari.

"Kumbe hadithi nazo zinasomewa!" mama yake alisema, huku akimenya ndizi. "Basi bibi yenu alikuwa profesa."

Watu wakacheka. Felicitas, mdogo wake, naye akacheka. Yeye aliachishwa shule darasa la nne amuuguze mama, lakini kuandika hakuacha. Mwaka uliopita Protase alichukua daftari lake. "Nikusahihishie, mdogo wangu, nitalirudisha." Halikurudi, na Felicitas aliona haya kumsumbua msomi.

Protase alipotoka kuwasindikiza wageni, aliacha karatasi zake mkekani. Felicitas akazichungulia. Kizungu hakukijua, ila majina hayana Kizungu. Kokushubira. Tena Kokushubira. Rwegoshora. Watu hao hawakupata kuishi popote duniani. Aliwatunga yeye, akipuliza moto wa maharage. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa: PROTASE BYARUGABA.

Akazirudisha karatasi zilivyokuwa.

Protase aliporudi alimfuata jikoni, akachuchumaa, akashusha sauti. "Feli, hivi yule Kokushubira alipofika mtoni, mtoto mgongoni, Rwegoshora yuko nyuma yake, alivuka?"

Daftari lilikuwa limejaa kabla hadithi haijaisha.

"Mbona waniuliza leo?"

"Hivi hivi tu. Hadithi nzuri ikikatika inakera."

"Inamkera nani, kaka? Wewe au Wazungu wako?"

Protase akatazama mlangoni. "Wanaitaka yote kabla ya mwezi kwisha. Nisipoipeleka, nafasi imekwenda. Sisi damu moja, Feli. Nikifika mimi, tumefika sote."

"Mimi nimefika wapi? Jina langu liko wapi?"

"Wangeipokea ya msichana wa darasa la nne?"

"Si wameshaipokea."

Mama akaita kutoka uani, msafiri wa Ulaya aje anawe mikono. Protase akainuka, lakini hakutoka. Alisimama pale akingoja, kama alivyozoea kungojea sahani. Felicitas alijua alivyovuka Kokushubira. Alijua hata jiwe alilokanyaga.

Akafunika chungu kwa majani ya mgomba, akayakandamiza pembeni mpaka mvuke ukakoma.

"Nenda ukanawe, kaka," alisema. "Huo mwisho utakwenda kuusomea."